Kofia ya Ndege ya Shangazi

9 Januari

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Sisi huku wazima, isipokuwa paa la jikoni. Kila mvua ikinyesha linavuja mahali papya, kana kwamba limeapa kutuzungusha nyumba nzima na ndoo mkononi. Mke wangu anakusalimu. Binti yetu ameng'oka jino la mbele na analihifadhi kwenye kiberiti. Kila anayeingia lazima aonyeshwe, hata yule bwana aliyekuja kusoma mita ya maji. Alilitazama kwa heshima zote akasema ni jino zuri.

Sasa tuje kwenye ndege yako unayoijenga gerejini. Sanduku linalofuatana na barua hii lina ile kofia uliyoniomba, ya kufunika kitovu cha propela, pamoja na bamba lake la duara na mfuko wa skrubu. Kofia nimeitengeneza saa za mapumziko, kwenye mashine ileile ninayofanyia vifuniko vya masufuria. Kwanza nilikereza mti upate umbo la kofia, mfano wa yai lililokatwa nusu lakini lenye ncha ndefu. Kisha nikabana duara la alumini mbele ya mti, nikaiwasha mashine, nikawa nalisukuma bati pole pole kwa fimbo ya chuma mpaka likalala juu ya mti kama shuka. Mabati ya kwanza yalipasuka. Hili likakubali. Msimamizi alipita akasimama.

"Hicho kifuniko cha sufuria gani?"

"Ya shangazi yangu, mkuu."

"Shangazi yako anapika nini kwenye sufuria yenye pua?"

Bamba linakaa nyuma ya propela, linabanwa kati ya propela na injini, na kofia inafungwa kwenye ukingo wa bamba. Yale madirisha mawili kwenye kofia ni ya kupitishia mapanga ya propela. Matundu ya skrubu yamelingana pande zote, kwa hiyo kofia itaingia hata ukiigeuza nusu mzunguko.

Kila kitu nimekibandika lebo, kama kawaida yangu. Safari hii ni karatasi ngumu, na juu yake nimepitisha plastiki ili grisi isifute maandishi. Cheka ukimaliza kufunga.

Nina swali lililonikaa kichwani tangu nianze kusukuma bati. Ndege haiwezi kuruka bila kofia? Na kama inaweza, tunahangaikia nini?

Mwanao.


2 Februari

Bwana Lebo,

Marahaba, yako na ya mkeo na ya mwenye jino. Mwambie asikitupe kiberiti. Jino likishapata nyumba huwa halipendi kuhamishwa.

Mimi mzima. Jirani yangu Kinyozi amenunua kioo kipya, kimefunika ukuta wote unaotutenganisha. Sasa nikigonga kitu gerejini kioo kinatetemeka na mteja anajiona ana vichwa viwili. Juzi alikuja mlangoni na mkasi mkononi. "Mama, leo umenikatia mtu sikio." Nikamwuliza, "Lote?" Akasema, "Hapana, lakini ameruka mpaka amelipa kabla sijamaliza." Nikamwambia basi tugawane.

Baba yako naye alipita Jumapili. Aliizunguka ndege mikono nyuma kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga, kisha akasema, "Dada, kabati ni zuri. Mabawa ya nini?"

Swali lako nalijibu hivi. Inaweza kuruka bila kofia. Mimi pia naweza kwenda sokoni bila viatu. Upepo ukikuta kitovu kitupu unagonga, unatawanyika ovyo. Ukikuta kofia unagawanyika vizuri, na sehemu yake inaingia kwenye matundu ya kupozea injini. Lakini kofia ikikaa vibaya ni heri kutokuwa nayo, kwa sababu itatikisa injini, na injini itatikisa meno yangu, na mimi sina kiberiti.

Mkaguzi wa ndege anakuja mwezi wa sita. Akiridhika atanipa hati ya kuruka, na mimi mwenyewe ndiye nitakayeipandisha. Unajua nilivyojifunza urubani, mvi zikiwa tayari kichwani, pale kwenye kilabu cha marubani nilipokuwa natengeneza pampu za maji. Mwalimu wangu alidhani natania. Nimeruka ndege za watu mpaka nimezichoka. Unashuka unamrudishia mtu funguo zake na kusema asante. Hii nataka niipandishe mimi, niliyeikaza kila nati. Ndicho kitu pekee ninachokitaka sasa, na sijali nani anacheka. Wiki ijayo nakwenda kwa daktari wa marubani, kupimwa kama kila mwaka, ili leseni yangu igongwe muhuri.

Kiti cha nyuma ni chako. Nimeshakishonea ngozi. Utakuja lini?

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nimefunga bamba, nikafunga propela, nikafunga kofia. Yote yaliingia bila ugomvi. Lakini nikizungusha propela kwa mkono, ncha ya kofia inatembea. Haikai mahali pamoja. Nikiweka kidole mbele yake inanigusa, inaniacha, inanigusa, inaniacha. Kama unene wa sarafu mbili hivi. Kwenye mwendo wa polepole si kitu. Injini ikikolea ni balaa. Umenisokotea kofia ya mlevi?

Shangazi yako.

Halafu, andika kwa kalamu nene. Wino wako wa barua iliyopita umefifia sana. Siku hizi wanauza maji ya bluu.


20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimenunua kalamu nene. Mke wangu anasema sasa naandika kama mtu anayetangaza mkutano. Paa bado. Jino la pili limelegea, na kiberiti cha pili kimeshaandaliwa.

Uliposema kofia ya mlevi nilikosa raha siku nzima. Jioni nilirudi kwenye ule mti niliousokotea, nikaupima upya kila upande. Hauna kasoro niliyoweza kuipata. Lakini mtu hawezi kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe, kwa hiyo tufanye jaribio ambalo halinijui mimi wala halikujui wewe.

Chukua stuli nzito. Funga rula ya mti juu yake, na mwisho wa rula funga kipande cha chaki. Isogeze stuli mpaka chaki ikaribie kabisa kugusa kofia, pale karibu na ncha. Toa plagi za injini ili izunguke kwa wepesi na isiwake hata kwa bahati mbaya. Funga kitambaa kwenye panga mojawapo la propela. Zungusha taratibu. Pale kofia inapojitokeza, chaki itagusa. Andika ni upande wa panga lenye kitambaa au wa lile jingine. Kisha fungua kofia, igeuze nusu mzunguko, ifunge tena, urudie.

Alama ikihama pamoja na kofia, kosa ni la kofia na nitakusokotea nyingine. Alama ikibaki upande uleule wa propela, kofia haina kosa, tutafute nyuma yake.

Nimeandika haya yote pia kwenye shajara yangu, pamoja na mchoro wa stuli. Nina hamu ya kujua kuliko ninavyoona aibu.

Daktari alisemaje? Nadhani moyo wako ni mzima kuliko wa kwangu.

Kiwandani tumeletewa mashine mpya ya kukatia mabati. Ina kelele nyingi na kazi kidogo, kama baadhi ya watu ninaowajua.

Mwanao.


5 Aprili

Lebo mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, najua. Posta siku hizi inatembea kwa magoti, na mimi nilikuwa na mambo.

Kinyozi mzima, kioo kizima. Baba yako ananiletea machungwa na maneno. Nimekushonea mto mdogo wa kiti cha nyuma kwa sababu una mifupa kama ya babu yako. Kila nikikuuliza utakuja lini kukikalia unaniletea habari za mashine. Nimeona.

Stuli niliifunga kama ulivyosema. Kinyozi alishika stuli isisogee, mimi nikazungusha. Mara ya kwanza chaki ilinyamaza, ilinyamaza, kisha ikasema *krrr*, ikanyamaza tena. Nikashika panga nikapapasa: kitambaa. Tukageuza kofia. Nikazungusha tena. Kimya, kimya, *krrr*. Nikapapasa: kitambaa tena. Tulirudia mpaka Kinyozi akaniambia wateja wake wanaota ndevu nyingine.

Basi kofia yako haina hatia. Nimekuonea, unisamehe. Kosa liko nyuma yake. Lakini bamba nilisafisha kabla ya kufunga. Nilipitisha kiganja pande zote mbili, lilikuwa laini kama sahani. Kitovu cha injini nacho nilikipitishia kiganja. Laini. Ili kufungua bamba ni lazima nitoe propela nzima, na ile nimeikaza bolti moja baada ya nyingine kwa spana ya kipimo. Sipendi kuigusa bila sababu. Wewe unayekaa na mabati kutwa, niambie: kitu gani ni laini mkononi na bado kinapindisha?

Mkaguzi bado ni mwezi wa sita.

Shangazi yako.


14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Kwanza, usiiwashe injini. Naomba sana. Sababu inakuja.

Swali lako sikulala nalo, niliamka nalo. Kitu laini mkononi, na kinapindisha. Nilikuwa nabandika lebo kwenye rafu ya vifuniko ndipo mkono wangu ukasimama hewani.

Nilitengeneza mabamba mawili, la kwanza nikaliharibu tundu moja likabaki kwangu. Nikalichukua, nikalibandika lebo ya karatasi ngumu na plastiki juu, mahali palepale nilipobandika la kwako, karibu na kitovu, upande mmoja. Nikapitisha kiganja. Shangazi, huisikii. Plastiki imebana kingo zote, mkono unateleza tu. Nikalifunga kwenye mashine ya kukereza, nikaweka kipande cha bomba mahali pa kofia, nikazungusha. Ncha ya bomba ilitembea unene wa sarafu mbili. Huku kwenye kitovu ni unene wa karatasi. Kule kwenye ncha umeshakuwa ugonjwa. Nilisimama nikiitazama ikitembea mpaka msimamizi akaniuliza kama kuna mtu amefariki.

Je, uliibandua lebo ya bamba?

Kama iko ndani, bolti za propela zimebana karatasi. Injini ikipata joto karatasi itasinyaa, bolti zitalegea. Ndiyo maana nakuomba usiwashe.

Sasa kuna jambo la pili, na nimelizunguka kwenye kurasa mbili za shajara kabla ya kuliandika hapa. Lebo ile ilikuwa na maandishi mekundu, herufi kubwa kuliko hizi: BANDUA KABLA YA KUFUNGA. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma kwa vibao vya maduka. Ulikuwa unasoma namba za bolti ukiwa mlangoni. Nikarudi kwenye barua zako. Chaki ilisema. Nikapapasa. Nilipitisha kiganja. Hakuna mahali ulipoandika kwamba uliona. Na mistari ya barua ya mwisho inashuka kuelekea kona ya karatasi kama watu wanaotoka uwanjani. Mimi nilidhani uliandikia gotini.

Nimekuuliza kuhusu daktari ukapita mbali. Wewe umeniuliza kuhusu kiti nikapita mbali. Ngoja nianze mimi.

Kazi kiwandani si nyingi. Likizo ninayo. Naogopa. Ikitakiwa kupandwa ngazi kubadilisha taa, namwita mke wangu. Nilipoanza kusokota kofia yako nilikuwa najiambia, ukiitengeneza vizuri, labda utaacha kuogopa. Haikuwa hivyo. Kila nikijiwazia nyuma yako angani, nazima mashine na kutoka nje kukanyaga udongo. Sikutaka kukwambia kwa sababu ulishashona ngozi.

Zamu yako.

Mwanao.


30 Mei

Bwana Lebo, habari za huko.

Mimi ni Kinyozi. Usishtuke kwa mwandiko, hakuna msiba. Shangazi yako amekaa hapa kwenye kiti cha wateja, duka nimelifunga, anasema na mimi naandika. Ameniapisha niandike anavyosema, nisiongeze wala nisipunguze. Nitajitahidi.

Anasema: Marahaba. Tumetoa propela. Kinyozi alishika, mimi nikafungua. (Niliumia kidole. Hajalisema hilo.) Alipogeuza bamba akalisogeza kwenye mwanga, nikamwambia, vipi? Akasema, "Mama, hapa kuna maandishi." Nikamwambia soma. Akasoma kwa sauti ya msomaji wa habari: Bandua kabla ya kufunga.

(Hapa naongeza, anisamehe. Alikaa juu ya ndoo. Alicheka mpaka nikacheka na mimi. Kisha nikagundua nacheka peke yangu.)

Anasema: Daktari wa marubani alinipima Februari. Moyo mzuri, masikio mazuri. Akaniweka mbele ya ule ukuta wa herufi akasema soma. Nikamwuliza, ukuta upi? Si kwamba sioni, mwanangu. Katikati ndiyo imeondoka. Nikitazama uso wa mtu naona masikio yake mawili na nywele, na uso umekaa ukungu. (Kwa kazi yangu hiyo inatosha, nimemwambia.) Pembeni kote kuko wazi kama zamani. Nikiitazama propela naona ncha za mapanga, kitovu sikioni. Nikitazama neno, naona lililotangulia na linalofuata. Daktari wa macho amesema hili halina dawa ya kulirudisha. Linaweza kusimama hapa au kuendelea. Leseni haikugongwa muhuri wala haitagongwa.

Nilikwambia ni wino wako. Haukuwa wino.

Sikukwambia kwa sababu ningekwambia ungeniuliza, "Sasa ndege?" na mimi sikuwa na jibu. Bado sina. Mwalimu wangu wa urubani yuko tayari kuipandisha. Mtu wa kilabuni anataka kuinunua, anakuja kuizungukazunguka kila wiki. Baba yako safari hii hakufanya mzaha, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Mimi nilitaka niipandishe mwenyewe. Sikuijenga ili nisimame chini na kupunga mkono kama mtu anayesindikiza wageni.

Tumeibandua lebo, tumesafisha gundi kwa mafuta ya taa, tumefunga upya. Tukaweka stuli na chaki. Nikazungusha. Kinyozi ananiambia, "Zungusha basi." Nikamwambia, "Nazungusha tangu zamani." Chaki ilikuwa haisemi kitu. Tukaisogeza mpaka karatasi ya barua yako ikapita kwa shida kati ya chaki na kofia, bado ikanyamaza kuzunguka kote. Mwanangu, ule ukimya ulikuwa mzuri kuliko muziki.

Kuhusu woga wako, nimekusikia. Ngozi haiozi. Kiti kitangoja.

Sasa niambie nifanye nini. Usinihurumie, na usiniwekee lebo.

(Mimi Kinyozi nakusalimu. Kalamu yako nene imenisaidia sana kumsomea. Lile la woga wako nilimsomea mara mbili, aliomba mwenyewe.)


11 Juni

Shangazi, shikamoo. Bwana Kinyozi, asante, pole na kidole.

Sitakuambia ufanye nini. Sijui, na mtu aliyeshindwa na ngazi hana haki ya kumshauri rubani. Ila nina maswali, na unajua maswali yakinikaa siwezi kulala nayo.

La kwanza. Ukiwa juu, zamani, ulikuwa unatazama wapi? Mimi nikikereza natazama ncha ya chuma tu, mahali padogo kama kichwa cha kiberiti, siku nzima. Nimekuwa nikidhani rubani naye anatazama mbele, mahali pamoja. Lakini kuna nini mbele kule? Nimejaribu kuwaza nimeshindwa.

La pili. Ulisema pembeni kote kuko wazi. Pembeni kiasi gani? Ukikaa kiti cha nyuma, unayaona mabawa yote mawili kwa pamoja, bila kugeuza shingo?

La tatu. Siku ya chaki, Kinyozi alikuwa anashika stuli, wewe unazungusha. Ndege ile mmeijenga watu wangapi, ukihesabu na mti wangu wa kukerezea? Nauliza kwa sababu najua jinsi ulivyosema "mimi mwenyewe," na najua nani alishika stuli.

Usinijibu haraka. Muulize Mwalimu.

Paa limezibwa. Binti amepata meno mawili mapya, yamekuja makubwa kuliko mdomo. Viberiti amevipanga dirishani, na juu ya kila kimoja amebandika lebo. Mke wangu ananilaumu mimi.

Mwanao.


4 Agosti

Bwana Lebo, ni Kinyozi tena. Anasema marahaba, na anasema nianze na mkaguzi.

Anasema: Mkaguzi alikuja na tochi na uso uliofungwa. Alilala chini ya ndege, akapanda juu yake, akavuta kila waya. Mwisho akafika mbele. Akaweka kidole kwenye ncha ya kofia akazungusha propela. Akaweka tena. Akauliza, "Nani amesokota hii?" Nikamwambia, "Mtu wa masufuria." Akasema, "Mwambie hata mimi nina sufuria." Sikuelewa ni sifa au ni oda. Hati ametoa.

Mtu wa kilabuni alikuja mara ya mwisho. Nilimwambia haiuzwi. Akaniuliza, "Sasa utaifanyia nini, mama?" Nikamwambia nina barua ya kujibu.

Safari ya kwanza ni ya mtu mmoja, ndiyo kanuni. Mwalimu akapanda peke yake. Mimi na baba yako na Kinyozi tukasimama pembeni ya uwanja. Ndiyo, nilisimama chini, na ndiyo, nilipunga mkono. Baba yako alinishika kiwiko akidhani simwoni. Injini ilipokolea nikainamisha kichwa nisikilize kama kuna mtetemo. Hakuna. Ilikuwa sauti moja, ndefu, nyororo. Kinyozi akasema, "Mama, imeondoka chini." Nikamwambia, "Nilishajua." (Ni kweli. Alisema "sasa" kabla yangu. Mimi niliyekuwa na macho mawili nilichelewa.)

Alipotua nilimpelekea Mwalimu swali lako la kwanza. Akafikiri huku anavua kofia yake ya kichwani. Akasema, "Sijawahi kuulizwa. Panda, tukaangalie."

Basi nikapanda nyuma. Kwenye kiti chako, na mto wa mifupa yako.

Anasema niandike hapa kwa makini, na nisome tena nikimaliza.

Anasema: Mbele hakuna kitu, mwanangu. Mbele ni kichwa cha Mwalimu na ukungu, na hata bila ukungu kungekuwa na kichwa cha Mwalimu na mbingu. Ndege hukaa sawa kwa pembeni. Unaona bawa hili na bawa hili, na chini ya kila moja mstari wa dunia. Bawa likizama, mstari unapanda upande huo; unalirudisha. Nilikuwa nafanya hivyo miaka yote bila kujua nafanya. Mabawa yote mawili nayaona kwa pamoja, bila kugeuza shingo. Mwalimu anageuza shingo. Nikamwambia bawa la kushoto limezama kidogo. Akalitazama. Akasema, "Kweli." Akaniambia, "Mama, shika."

Kuna fimbo ya kuongozea hata kwenye kiti cha nyuma, niliiweka mwenyewe nikisema ni ya mapambo. Nikaishika. Yeye anatazama mbele kwa ajili ya ndege nyingine, na minara, na hivyo vitu vidogo vya katikati. Mimi nikashika pembeni. Tukazunguka uwanja, tukazunguka mji, nikamwona Kinyozi chini kama chembe, kwa kona ya jicho. Kutua alitua yeye. Sikuona uchungu. Nilidhani nitaona uchungu.

Swali lako la tatu: tulioijenga ni wanne, mimi, wewe, Kinyozi na baba yako na machungwa yake, na mti mmoja. Nilikuwa nimekosea hesabu.

(Hapa ananinyang'anya kalamu. Nimemwelekeza mahali pa kuanzia. Msimamo wa mistari si kosa langu.)

MWANANGU. LEBO YAKO SIKUITUPA. NIMEIBANDIKA KATIKATI YA KITI CHA NYUMA, IMESHIKA VIZURI. MWALIMU NI MTU MPOLE NA MFUKO WA KUTAPIKIA NIMESHAUSHONA. MIMI NITASIMAMA CHINI NIKISIKILIZA, NA KOFIA IKIKOSEA HATA KIDOGO NITAJUA. UJE UIBANDUE MWENYEWE.